Umeme wa Vyombo vya Kudhibiti Moshi katika Majengo: Kanuni za Uwekaji wa Nyaya

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)




Asubuhi ya tarehe 21 Novemba, 1980, katika mji wa Las Vegas, Marekani, moto ulizuka katika mgahawa mmoja uliokuwa sehemu ya chini ya hoteli iitwayo MGM Grand. Hoteli hiyo ilikuwa na ghorofa 26, na saa hiyo ya mapambazuko wageni wengi walikuwa bado wamelala. Moto wenyewe haukupanda hadi kwenye vyumba vya kulala. Uliteketeza mgahawa na ukumbi mkubwa wa kamari, kisha ukazimwa. Hata hivyo watu 85 walipoteza maisha, na walio wengi miongoni mwao walikutwa ghorofa za juu, mbali kabisa na mahali palipoungua: vyumbani, ujiani, kwenye ngazi na ndani ya lifti. Watu hao hawakuguswa na ndimi za moto. Waliuawa na moshi.

Moshi huo ulipata njia nyingi za kupandia. Ulipita kwenye mashimo ya lifti, kwenye ngazi, na kwenye nafasi zilizoachwa baina ya sehemu mbili za jengo kwa ajili ya mitetemeko ya ardhi. Mitambo ya kupoza hewa nayo ilisaidia kuusambaza, kwa sababu vilango vya ndani ya mifereji ya hewa, ambavyo mafundi huviita dampa na ambavyo kazi yake ni kujifunga moshi unapoingia, baadhi yake vilikuwa vimekazwa kwa bolti visiweze kujifunga. King'ora cha kuwaamsha wageni hakikulia. Waliokimbilia ngazini walikuta milango imejifunga nyuma yao, na moshi unawafuata kutoka chini.

Chanzo chake nacho kinafaa kukumbukwa, maana kilikuwa cha umeme. Ndani ya uwazi uliofunikwa, bomba la shaba la jokofu la kuoneshea keki lilipita pamoja na bomba la alumini lililobeba nyaya. Metali hizo mbili ziligusana, mota ya jokofu ikazitikisa kwa muda mrefu, alumini ikaliwa, na hatimaye maganda ya nyaya nayo yakalika. Njia ya umeme kwenda ardhini haikuwa nzuri, kwa hiyo hitilafu ikaendelea kutoa joto bila fyuzi kukata. Kwa hiyo waya mbovu uliwasha moto, na mitambo ambayo ingeweza kuzuia moshi ikawa ndiyo iliyoueneza.

Mazungumzo haya yanahusu mitambo hiyo, na hasa nyaya zinazoilisha. Visiwa vyetu havikuwa na haja kubwa ya jambo hili zamani. Nyumba ya Mji Mkongwe yenye uwanja wa ndani ulio wazi juu hutoa moshi wake yenyewe, na nyumba ya ghorofa mbili yenye madirisha pande zote haihitaji mtambo wowote. Hali ni nyingine kwa jengo lenye ujia uliofungwa katikati, vyumba vya kioo visivyofunguka, ngazi isiyokuwa na dirisha, au maegesho ya magari chini ya ardhi. Majengo ya namna hiyo sasa yapo, na yanaendelea kujengwa. Ofisa anayepitisha michoro na mwananchi anayepanga ghorofa ya sita wote wanahusika.

Kwanza ieleweke vyombo vyenyewe ni vipi. Viko vya namna mbili zilizo kubwa. Namna ya kwanza huvuta moshi na kuutoa nje: feni za kutolea moshi huwekwa juu ya paa au mwisho wa ujia, na hewa safi huingizwa upande mwingine. Feni hizi hupitisha hewa ya moto, na ndiyo maana viwango vya Ulaya huzipa daraja. Feni ya daraja F300 lazima ifanye kazi katika hewa yenye joto la nyuzi 300 za Selsiasi kwa dakika 60. Feni ya pangaboi ya kawaida, ile inayonunuliwa dukani kwa ajili ya jiko, haiwezi kuwekwa mahali pake hata ikiwa na nguvu sawa.

Namna ya pili hufanya kinyume chake. Haivuti moshi bali husukuma hewa safi ndani ya ngazi, ili shinikizo la ngazini liwe kubwa kuliko la ujiani, na moshi ushindwe kuingia hata mlango usipokaza sawasawa. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2005 kilitaka tofauti ya paskali 50 milango ikiwa imefungwa. Neno paskali halina maana kwa watu wengi, kwa hiyo hesabu ifuatayo itasaidia. Mlango wenye eneo la mita 2 za mraba, ukisukumwa na paskali 50, hubeba msukumo wa nyutoni 100, yaani sawa na uzito wa kilo 10 hivi. Kwa kuwa mlango umeshikwa na bawaba upande mmoja, mtu anayeuvuta kwa kitasa huhisi nusu ya msukumo huo, ukiongezwa nguvu ya springi inayoufunga. Kiwango hicho hicho kimeweka mpaka: nguvu ya kufungua isizidi nyutoni 100. Shinikizo likipungua, moshi unaingia; likizidi, mzee au mtoto hawezi kufungua mlango wa kuokoka. Feni, dampa na vipimo vyake hapana budi vielewane, na kinachowaelewanisha ni umeme.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa baina ya nyaya hizi na nyaya nyingine zote za jengo. Saketi ya kawaida huwekwa kwa nia kwamba, jambo baya likitokea, ikate. Fundi amefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, na amefundishwa vizuri. Saketi ya feni ya moshi ina nia nyingine: jambo baya likitokea, iendelee. Ni kheri mota ya feni hiyo iungue baada ya kufanya kazi yake kuliko kusalimika kwa kuzimwa wakati watu wako ngazini. Mtu asiyeishika tofauti hii ataweka nyaya safi, nadhifu, zinazopendeza, na zisizofaa kitu.

Kanuni za nyaya za Uingereza, zilizoanza kutolewa mwaka 1882 na ambazo tangu mwaka 1992 zinaitwa BS 7671, zina sura nzima, Sura ya 56, kuhusu huduma za usalama. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea kanuni za asili hiyo, na vitabu vyake vimo katika karakana nyingi. Marekani wanayo kanuni yao ya umeme, iliyotolewa kwanza mwaka 1897 na ambayo husahihishwa kila baada ya miaka mitatu. Pamoja nayo hutumika kanuni ya majengo yenye kifungu maalum cha kudhibiti moshi. Njia za nchi hizo mbili hazifanani katika kila jambo, lakini mambo ya msingi ni yale yale, nayo ndiyo yanayoelezwa hapa.

Jambo la kwanza ni kuwa na vyanzo viwili vya umeme. Mtambo wa kudhibiti moshi hautegemei umeme wa shirika peke yake. Lazima kuwe na chanzo cha akiba, mara nyingi jenereta, na swichi ya kubadilishia, yaani chenjiova, inayofanya kazi yenyewe bila kungoja mtu. Kanuni ya Marekani imeziweka huduma hizi katika makundi mawili: yale ya dharura, ambayo umeme wa akiba lazima ufike ndani ya sekunde 10, kama vile taa za njia za kutokea, na yale ya akiba yanayotakiwa na sheria, ambayo umeme lazima ufike ndani ya sekunde 60. Uondoaji wa moshi kwa kawaida umo katika kundi la pili, ila ofisa mwenye mamlaka anaweza kutaka zaidi. Mafuta ya jenereta yawekwe papo hapo jengoni, yatoshe kuendesha mzigo wote kwa muda usiopungua saa 2.

Kanuni ya majengo ya huko inaongeza sharti ambalo hapa linavunjwa kwa urahisi. Jenereta na chenjiova yake viwe katika chumba mbali na transfoma na mbao kuu za umeme wa kawaida, chumba hicho kizungukwe na kuta zinazostahimili moto kwa saa 1, na hewa yake itoke na kuingia moja kwa moja kutoka nje. Sababu yake ni nyepesi. Ikiwa umeme wa kawaida na umeme wa akiba vinakutana katika chumba kimoja, basi moto wa chumba hicho unakata vyote viwili. Vyanzo viwili katika chumba kimoja ni chanzo kimoja kilicholipiwa mara mbili.

Kwa watu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Unguja hupata umeme wake kwa kebo zinazopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na Pemba tangu mwaka 2010 hupata kwa kebo kutoka Tanga. Kila mtu mzima anakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi mmoja gizani, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilipodumu miezi mitatu. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 iliyozinduliwa mwaka 2013 imeleta nafuu kubwa. Lakini funzo la kiufundi la miezi ile mitatu halijaandikwa vya kutosha. Hoteli iliyojiendesha kwa jenereta usiku na mchana kwa muda wote ule haikuwa na chanzo cha akiba. Jenereta yake ilikuwa imegeuka kuwa chanzo cha kwanza, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Kama moto ungezuka, na jenereta ikazimika kwa uchovu, mafuta au joto, feni za moshi zingesimama papo hapo. Kwa hiyo mwenye jengo la visiwani anapofanya hesabu ya jenereta asihesabu saa moja ya kukatika umeme tu. Ajiulize ni jenereta ipi itakayobaki kwa ajili ya vyombo vya kuokoa maisha iwapo ile kubwa iko kazini kwa wiki nne.

Jambo la pili ni saketi kuwa peke yake. Sura ya 56 inataka saketi za huduma za usalama zijitegemee, ili hitilafu au matengenezo katika saketi nyingine yasizizime. Maana yake katika lugha ya kila siku ni kwamba feni ya ngazi isitundikwe kwenye ubao wa umeme wa ghorofa pamoja na soketi za ofisi na birika la chai. Ichukue umeme wake karibu na mwanzo, kabla ya swichi kuu ya jengo, ili askari wa zimamoto au mtunza jengo anapozima umeme wa jengo zima kwa usalama asiizime na feni pia. Swichi yake iandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, jina la kazi yake na onyo kwamba isizimwe wakati wa moto. Mlinzi wa usiku aliyeona cheche anazima kila swichi anayoiona, na hakuna haki ya kumlaumu ikiwa swichi ile haikuandikwa neno.

Jambo la tatu, ambalo ndilo lenye gharama na ndilo linalopunguzwa kwanza bei ya zabuni inapobanwa, ni waya wenyewe. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC hulainika kwa joto, ganda likadondoka, nyaya zikagusana. Feni iliyo juu ya paa hailindwi na umbali wake na moto ikiwa waya wake unapita juu ya dari ya ujia unaoungua. Kwa sababu hiyo kanuni zinataka mojawapo ya mambo mawili: ama nyaya zipite mahali ambapo moto hautazifikia, kama vile ndani ya shimo lililojengwa kwa kuta za kustahimili moto, ama ziwe nyaya zinazoendelea kupitisha umeme huku zikichomwa.

Nyaya za namna hiyo zipo, na hupimwa. Kipimo cha Uingereza cha BS 6387 kinajulikana kwa herufi tatu, C, W na Z. Katika C waya huchomwa kwa nyuzi 950 za Selsiasi kwa saa 3 huku una umeme. Katika W huchomwa kwa nyuzi 650 kwa dakika 15, kisha dakika 15 nyingine huku ukinyunyiziwa maji. Katika Z huchomwa kwa nyuzi 950 kwa dakika 15 huku ukipigwapigwa, kwa kuwa katika moto wa kweli dari na mbao huanguka. Kuna udhaifu mmoja katika kipimo hiki ambao mnunuzi anapaswa kuujua: moto, maji na mapigo havijaribiwi kwa pamoja juu ya kipande kimoja cha waya. Kwa kebo nene zinazolisha feni kubwa ndipo ikaletwa BS 8491, ambamo kebo ile ile moja hupata moto, mapigo na maji. Mwongozo wa BS 8519, uliosahihishwa mwaka 2020, umegawa kebo hizi katika madaraja matatu, ya dakika 30, 60 na 120. Daraja la dakika 120 ni kwa vyombo vinavyotumiwa na wazimamoto, maana wao huingia wakati wengine wamekwisha kutoka.

Bohari linalopokea mizigo lisikubali neno "waya wa moto" lililoandikwa kwenye ankara. Namba ya kiwango huchapishwa juu ya ganda la kebo lenyewe, na ofisa wa manunuzi anaweza kuisoma kwa macho yake kabla ya kutia saini. Rangi nyekundu ya ganda si ushahidi wa kitu chochote.

Kebo nzuri inaweza kuharibiwa na kitu kidogo sana, nacho ni kishikizo. Kebo inayostahimili saa 2 ikishikiliwa na vibanio vya plastiki itaanguka katika dakika chache, itavutika, na itakatika kwenye kiungo. Tena si umeme tu unaopotea. Nchini Uingereza, katika jengo la Harrow Court mjini Stevenage mwaka 2005, wazimamoto wawili na mkaazi mmoja walikufa. Na katika jengo la Shirley Towers mjini Southampton mwaka 2010, wazimamoto wengine wawili. Katika majengo yote mawili nyaya zilizokuwa ndani ya mifereji ya plastiki zilining'inia baada ya plastiki kuyeyuka, zikawanasa watu katikati ya moshi. Kanuni zikabadilishwa mwaka 2015 kuhusu njia za kutokea, na toleo la mwaka 2018 likapanua sharti hilo kwa jengo zima: nyaya zote, hata za simu, zishikiliwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema wakati wa moto. Kibanio cha chuma kina thamani ndogo sana kikilinganishwa na kebo inayoshikiliwa. Haieleweki kwa nini ndicho mafundi wanachokibania.

Hapa baharini liongezwe jambo moja. Chumvi ya hewa hula chuma kisichopakwa zinki, na hula upesi zaidi mahali metali mbili tofauti zinapogusana, kama ilivyotokea kwa shaba na alumini kule Las Vegas pasipo bahari yoyote. Vibanio na mabomba ya nyaya yaliyo juu ya paa karibu na pwani yawe ya chuma kisichoshika kutu au kilichochovywa zinki, na viungo vya shaba na alumini visiachwe wazi.

Jambo la nne ni breka. Imekwisha kuelezwa kwamba saketi hii inatakiwa kuendelea. BS 7671 inaruhusu kinga dhidi ya mzigo kuzidi iachwe katika saketi ambazo kukatika kwake kunaweza kuleta hatari kubwa zaidi, na inashauri iwekwe kengele ya kuonya badala ya kukata. Kanuni ya Marekani inafuata fikra kama hiyo kwa pampu za kuzimia moto: breka yake lazima ivumilie hata mkondo wa mota iliyokwama. Hiyo haina maana kwamba fyuzi itolewe na kuwekwa msumari. Kinga dhidi ya nyaya kugusana inabaki, tena breka zipangwe kwa daraja ili hitilafu ndogo ya ghorofa moja isiangushe breka kubwa inayolisha feni zote. Kwa upande wa mota, kanuni ya majengo ya Marekani inataka feni ya moshi inayozungushwa kwa mikanda iwe na mikanda mara moja na nusu ya ile inayohitajika, na isipungue miwili, na mota isiendeshwe kupita nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake. Mkondo upimwe kwa kifaa, isidhaniwe.

Jambo la tano ni nyaya za amri. Feni haijui kwamba kuna moto mpaka iambiwe. Kigunduzi cha moshi hupeleka habari kwenye mtambo wa kuongoza, nao huamuru feni hii iwake, ile izimike, dampa hizi zifunge, zile zifunguke. Waya wa amri ni mwembamba na wa bei ndogo, ukikatika feni kubwa ya gharama kubwa inakaa kimya. Kwa hiyo nyaya hizo nazo zistahimili moto kama kebo ya nguvu, na mtambo uzichunguze wakati wote, ili waya ukikatika siku ya kawaida taa ya hitilafu iwake siku hiyo hiyo. Kanuni ya majengo ya Marekani inataka nyaya zote za mitambo hii, ziwe za volti nyingi au chache, zipite ndani ya mabomba yasiyokatika njiani. Inataka pia mtambo wenye kumbukumbu inayofutika uwe na betri za kuushikilia kwa dakika 15 umeme ukikatika. Bila hivyo, umeme unaporudi mtambo unaanza upya kama mtoto aliyezinduka usingizini, hajui ni ghorofa gani iliyokuwa ikiungua.

Mahali pa kuingilia wazimamoto pawe na ubao wao wa kuongozea feni na dampa. Amri inayotoka kwenye ubao huo hushinda amri nyingine zote, iwe ya kigunduzi au ya fundi wa viyoyozi. Rangi za taa zake katika kanuni hiyo ya Marekani ni nyeupe kwa hali ya kawaida, nyekundu kwa kilichozimwa au kufungwa, kijani kwa kilichowashwa au kufunguliwa, na manjano kwa hitilafu.

Kuna kosa moja ambalo halionekani kwa macho na ambalo linastahili kuangaliwa zaidi ya mengine. Mota kubwa hutumia umeme wa fezi tatu, na fezi mbili zikibadilishana nafasi mota huzunguka kinyume. Feni ya kusukuma hewa ngazini, iliyo ya mapanga kama ya ndege, ikizunguka kinyume huvuta hewa kutoka ngazini, na moshi hufuata. Fundi aliyejaribu feni kwa umeme wa shirika akaona inasukuma vizuri hawezi kuapa kwamba itasukuma kwa umeme wa jenereta, maana nyaya za jenereta zilifungwa na mtu mwingine, siku nyingine. Feni itazunguka, taa ya kijani itawaka, mtikisiko utasikika, na kila kitu kitaonekana sawa. Kwa hiyo mwelekeo wa feni ujaribiwe kwa vyanzo vyote viwili, kwa karatasi nyepesi iliyoshikwa kwenye ufa wa mlango wa ngazi. Jaribio hilo halina gharama.

Hapo ndipo panapoingia kazi ya watumishi wa Serikali. Mkaguzi akionyeshwa feni ikiwashwa kwa kubonyeza kitufe, hajakagua kitu. Ukaguzi wa kweli ni kuzima swichi kuu ya jengo, watu wakiwa wamearifiwa, kisha kusimama na saa mkononi. Jenereta iwake, chenjiova igeuke, kigunduzi kitiwe moshi wa majaribio, feni ziwake, dampa zikae mahali pake, na muda wa kila hatua uandikwe. Mlango wa ngazi ufunguliwe kwa mkono na mtu asiye na nguvu nyingi. Ripoti itaje namba zilizopimwa, isiseme tu kwamba hali ni nzuri. Mchoro unaoonyesha njia ya kila kebo ubaki jengoni, na nakala yake iwekwe pamoja na karatasi za kibali, kwa sababu fundi wa mwaka wa kumi atakayetoboa ukuta hatakuwa yule aliyeujenga.

Baada ya jengo kufunguliwa, mitambo iliyotengwa kwa kazi ya moshi tu huweza kukaa mwaka mzima bila kuzunguka, na kitu kisichozunguka hushika kutu. Kanuni ya Marekani huitaka mitambo ya namna hiyo ijijaribu yenyewe kila wiki na kutoa taarifa ya hitilafu. Jengo la Serikali lisilokuwa na mtambo wa kujijaribu liwe na daftari, na mtu mwenye jina aliyepewa kazi hiyo, awe anaijaribu na kutia saini. Skuli, hospitali na afisi zenye ngazi zilizofungwa zianze na hizo.

Kwa upande wa wananchi, yapo machache tu. Mlango wa ngazi usizuiliwe kwa jiwe au kiti ili upepo upite, kwa sababu feni iliyopimwa kwa milango iliyofungwa haiwezi kushika shinikizo mlango wa kila ghorofa ukiwa wazi. Chumba cha jenereta kisifanywe ghala la magodoro wala mapipa ya rangi. Tundu la kuingizia hewa safi juu ya paa lisizibwe kwa turubai wala kwa dishi la televisheni. Fundi wa intaneti anayetaka kupitisha waya wake aoneshwe njia nyingine, asitoboe shimo la kebo za moto. Na akiwa amekwisha kutoboa, tundu lizibwe kwa kitu kisichoungua siku hiyo hiyo, si kwa karatasi na plasta.

Mkaazi anayeona taa ya manjano inawaka kwenye ubao wa wazimamoto ana haki ya kumuuliza mwenye jengo sababu yake, na asipojibiwa, kulipeleka suala hilo kwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Ufunguo wa ubao huo ukae mlangoni kwa mlinzi wa zamu, saa zote, pamoja na jina la fundi anayeweza kuitwa usiku.